Maswali ya Wasomaji: Kutotolesha Mayai ya Kuku Nyumbani

Barua zilizotufikia kuhusu kutotolesha mayai ya kuku nyumbani zimekuwa nyingi, hivyo safu nzima ya toleo hili tumeiachia mada hiyo moja. Tumechagua barua saba na kuzifupisha bila kugusa maana yake. Tumezipanga kwa jinsi jibu la moja linavyosaidia kuielewa ile inayofuata, kwa hiyo tunamwomba msomaji azisome kwa mfuatano huo.

Swali: *Ndugu Mhariri, nilinunua mashine ya kutotoleshea yenye nafasi ya mayai 48, ina feni na inageuza mayai yenyewe. Niliijaza mayai ya kuku wangu mwenyewe, ambayo niliyakusanya kwa wiki tatu mpaka yakatimia. Siku ya 21 nilipata vifaranga 15 tu. Muuzaji anasema mashine ni nzima na mayai ndiyo mabovu. Kosa ni la nani?*

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa hasara hiyo. Maneno matatu katika barua yako ndiyo yaliyonisimamisha: "kwa wiki tatu". Yai lililorutubishwa linapotagwa huwa tayari limebeba kiinitete chenye maelfu ya seli, kwa sababu limepitisha takriban saa 24 katika mwili wenye joto wa kuku huku seli hizo zikigawanyika. Likishatoka nje na kupoa chini ya nyuzijoto 20 hivi, kiinitete husinzia. Hakikui, lakini pia hakifi mara moja. Usingizi huo una kikomo. Mayai yaliyokaa siku 7 hupoteza kidogo sana nguvu yake ya kuanguliwa, yaliyopita siku 10 hupoteza nyingi, na yaliyofikisha wiki tatu mengi yake huwa yameshakufa kabla hata hayajaingia kwenye mashine. Hata yale machache yanayosalimika huchelewa kuanguliwa, kwa hiyo ukizima mashine siku ya 21 unaweza kuwa umewaua vifaranga waliobakiza siku moja tu.

Ninakushauri uanze na mayai machache yaliyo mapya, hata kama nafasi nusu za mashine zitabaki tupu. Yakusanye mara mbili au tatu kwa siku, uyahifadhi mahali penye ubaridi wa wastani, kati ya nyuzijoto 13 na 18, ncha nyembamba ikielekea chini ili chemba ya hewa iliyo upande wa butu ibaki juu. Friji ya kawaida ya nyumbani ina baridi kali mno kwa kazi hii. Usiyaoshe, kwa maana yai hutoka na utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vitundu vyake na kuzuia vijidudu kuingia. Yai lililochafuka sana afadhali liende jikoni kuliko kuoshwa na kuatamishwa. Siku ya kuyapakia, yaache kwanza saa kadhaa yapate joto la chumba, kwa kuwa yai la baridi likiingizwa ghafla kwenye joto hutoa jasho, na jasho hilo huvuta vijidudu ndani.

Hata hivyo sitaki kutoa hukumu kabla ya ushahidi, na ushahidi wenyewe uko katika mayai 33 yaliyobaki, ambayo natumaini hukuyatupa. Wafugaji wengi huyafukia mayai viza kwa hasira na kupoteza somo lote. Yapasue nje ya nyumba, moja moja, kwa uangalifu kwa sababu yaliyooza hupasuka kwa kishindo, kisha unawe mikono kwa sabuni. Yai ambalo kiini chake ni cha njano tu bila dalili yoyote ya damu halikurutubishwa, na hapo tatizo ni la jogoo: jogoo mmoja anatosha majike 8 hadi 10, na akizidiwa, akiwa mzee au mgonjwa, mayai mengi yatatoka matupu. Ukikuta pete ya damu, kiinitete kilikufa katika siku chache za mwanzo, na hiyo ndiyo alama ya mayai ya zamani, ya joto lililopanda ghafla, au ya mayai yaliyotikiswa vibaya safarini. Vifo vya katikati, kiinitete kikiwa na macho na manyoya machanga, mara nyingi hutokana na lishe duni ya kuku mama, hasa upungufu wa vitamini, au na ugonjwa uliopita kwenye yai lenyewe. Kifaranga aliyekamilika akafia ndani amekufa kwa jambo lililotokea siku tatu za mwisho. Hesabu kila aina na uiandike. Ikiwa mayai mengi yako kwenye kundi la pete ya damu, kama ninavyoshuku, basi muuzaji wako amesema kweli.

Swali: *Kipimajoto cha mashine yangu kinaonyesha 37.5, lakini kingine nilichokiweka ndani kinaonyesha 38.9. Nifuate kipi? Na maji niweke kiasi gani, maana kila mtu ananiambia lake?*

Jibu: Usifuate hata kimoja mpaka ukithibitishe. Chukua kipimajoto cha homa, ambacho kimetengenezwa kuwa sahihi kati ya nyuzijoto 35 na 42, ukitumbukize pamoja na ncha ya kile kipimajoto chako cha pili katika bakuli la maji ya vuguvugu, uyakoroge taratibu, kisha ulinganishe. Tofauti utakayoiona ndiyo utakayoiongeza au kuipunguza siku zote, na kipimajoto hicho kilichothibitishwa ndicho kitakuwa hakimu wa mashine.

Angalia pia kilipo. Katika mashine yenye feni hewa huchanganyika, na lengo ni nyuzijoto 37.5 hadi 37.8 popote. Katika mashine isiyo na feni joto hupanda juu, hivyo hewa ya karibu na mfuniko huwa na joto zaidi kuliko ya chini. Hapo pima usawa wa sehemu ya juu ya mayai, na lengo ni nyuzijoto 38.3 hadi 38.9. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba vipimajoto vyako vyote viwili vinasema kweli, kila kimoja kuhusu mahali pake. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa chini. Nyuzijoto 36 kwa saa kadhaa huchelewesha tu, lakini nyuzijoto 40 na zaidi kwa muda huo huo zinaweza kuua au kulemaza. Wamisri, ambao tangu zamani za kale walitotolesha mayai katika tanuri zilizojengwa kwa matofali ya udongo, walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Ninauheshimu ujuzi huo, lakini wao waliurithi kutoka kwa wazazi wao na kuutumia kila siku. Anayeanza leo anahitaji kifaa.

Kuhusu maji, kila mtu anakuambia lake kwa sababu wengi hutaja kiasi cha maji badala ya matokeo yake. Yai hupumua. Ganda lake lina maelfu ya vitundu ambavyo hewa safi huingilia na mvuke wa maji hutokea, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo chemba ya hewa inavyopanuka, mpaka iwe na nafasi ya kutosha kwa pumzi za kwanza za kifaranga. Ukiweka unyevu mwingi mno siku zote, chemba hubaki ndogo na kifaranga hufa amevimba na amelowa. Ukiweka kidogo mno, hutoka mdogo na dhaifu, au hunaswa na utando uliokauka. Kanuni ya jumla ni unyevunyevu wa asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za mwanzo, kisha asilimia 65 hadi 70 mpaka mwisho. Lakini mizani ndogo ya jikoni itakuambia ukweli zaidi kuliko kipimaunyevu cha bei rahisi. Yai linapaswa kupoteza asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Mayai 10 yaliyoanza na jumla ya gramu 600 yanatakiwa kuwa na gramu 570 hivi siku ya 7, na gramu 525 hivi siku ya 18. Yakipungua haraka kuliko hapo, ongeza unyevu; yakichelewa, upunguze. Ukitaka kuongeza, tumia chombo kipana zaidi au weka sifongo, kwa sababu kinachotoa mvuke ni upana wa uso wa maji, na kuongeza kina chake hakubadilishi kitu.

Swali: *Mashine yangu haigeuzi mayai. Je, ni lazima niamke usiku kuyageuza?*

Jibu: Si lazima. Geuza mara 3 au mara 5 kwa siku, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu usiku ndio muda mrefu ambao yai hukaa bila kuguswa, na kwa hesabu hiyo halitalala upande ule ule usiku mbili mfululizo. Weka alama kwa penseli, upande mmoja X na mwingine O, ili usilisahau hata moja. Sababu ya kugeuza ni kwamba kiini huelea na kiinitete hukaa juu yake, hivyo yai lisipogeuzwa kiinitete hugusana na utando wa ganda na kugandamana nao, hasa katika wiki ya kwanza. Kugeuza pia husaidia mishipa ya damu itande vizuri chini ya ganda lote. Siku ya 18 acha kabisa, kwa kuwa kifaranga anajipanga kutoka.

Swali: *Umeme ulikatika usiku wa siku ya 16 na ulirudi baada ya saa saba. Mayai yalikuwa ya baridi kiganjani. Je, niyatupe?*

Jibu: Tafadhali usiyatupe. Kati ya makosa yote ninayoyaona katika barua zenu, hili la kutupa mayai yaliyo hai baada ya umeme kukatika ndilo linaloniumiza zaidi, kwa maana yai huvumilia kupoa kuliko tunavyodhani. Kuku mwenyewe hutoka kiotani kila siku kwenda kula na kunywa, na mayai hupoa kwa muda huo bila kudhurika. Saa saba ni nyingi kuliko matembezi ya kuku, ndiyo, na baadhi ya viinitete huenda vimekufa, lakini huwezi kuvijua kwa kiganja. Rudisha joto la kawaida, subiri siku moja, kisha uyamulike mayai kwa tochi gizani. Katika siku ya 17 yai lililo hai huonekana jeusi karibu lote isipokuwa chemba ya hewa, mishipa ya damu huonekana pembeni mwa chemba hiyo, na ukituliza mkono huenda ukamwona kifaranga akisogea. Lililokufa huonyesha kimiminika kinachochezacheza bila mishipa. Tarajia kucheleweshwa kwa siku moja au mbili, na usizime mashine kabla ya siku ya 23.

Wakati mwingine umeme ukikatika, fuata umri wa mayai. Katika wiki ya kwanza hayana joto lake mwenyewe, kwa hiyo funga mashine, ifunike kwa blanketi na usiifungue. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinaweza kusaidia zikiwekwa kando bila kugusa mayai. Katika wiki ya mwisho hali ni tofauti, kwa sababu viinitete vikubwa hutoa joto vyenyewe na kutumia hewa nyingi, na ukiyaziba mayai hayo kabisa yanaweza kukosa hewa kabla hayajapatwa na baridi. Funika, lakini matundu ya hewa yabaki wazi.

Swali: *Je, ni kweli kwamba mayai marefu yenye ncha kali hutoa majogoo na ya mviringo hutoa majike?*

Jibu: Si kweli. Kwa kuku jinsia huamuliwa na kijiyai cha mama kabla ganda halijaumbwa, na umbo la ganda hufuata maumbile ya njia ya uzazi ya kuku anayetaga. Joto la mashine nalo halibadilishi jike kuwa jogoo. Chagua mayai ya ukubwa wa wastani yenye ganda laini lisilo na ufa, na uyaache marefu mno au ya mviringo mno, kwa sababu nyingine kabisa: huanguliwa kwa shida.

Swali: *Siku ya 20 jioni kifaranga alitoboa yai akaanza kulia. Asubuhi alikuwa bado yumo ndani, nikamhurumia nikamenya ganda. Alitoka damu akafa, na wenzake wanne waliokuwa wametoboa hawakutoka tena. Nilikosea wapi?*

Jibu: Ndugu yangu, ulikosea kwa huruma, na nimewahi kufanya kosa hilo hilo, kwa hiyo ninajua uchungu wake. Acha nieleze kinachotokea ndani, kwa maana anayekijua hupata nguvu ya kusubiri.

Karibu na siku ya 18 kifaranga huwa ameshajikunja, kichwa kikiwa chini ya bawa la kulia na mdomo ukielekea chemba ya hewa. Mpaka hapo hajawahi kupumua kwa mapafu. Hewa yote imemfikia kupitia mishipa ya damu iliyotanda chini ya ganda. Siku ya 19 au ya 20 hutoboa utando wa ndani na kuvuta pumzi ya kwanza kutoka chemba ile, na sauti unayoisikia kabla ganda halijapasuka hutokea hapo. Hewa ya chemba inapochakaa, hugonga ganda kwa kijino kidogo kilicho juu ya mdomo wake mpaka atoboe tundu, kisha hutulia. Utulivu huo ndio uliokutisha. Huchukua saa 12, na mara nyingi hufika saa 24, na ndani yake kazi mbili kubwa zinafanyika: damu iliyo katika mishipa ya ganda inarudi mwilini, na mabaki ya kiini yanavutwa tumboni kupitia kitovu. Ulipomenya ganda ulikata mishipa iliyokuwa bado imejaa damu. Akiachwa, kifaranga huzinduka mwenyewe, huzunguka ndani akikata ganda kama mfuniko, na kulisukuma.

Wale wenzake wanne waliuawa na kitu kile kile kwa njia nyingine. Ulipofungua mashine, unyevu ulitoka kwa dakika moja, na utando mbichi unaopigwa na hewa kavu hukauka kama karatasi na kumbana kifaranga asiweze kuzunguka. Kuanzia siku ya 18 mfuniko usifunguliwe. Ikibidi kuongeza maji, yapitishe kwa mrija kwenye tundu la hewa. Waliokwisha kuanguliwa waache humo wakauke, hata siku nzima, kwani kiini walichokivuta tumboni kinawatosha chakula na maji kwa siku mbili hadi tatu. Wakikauka wote, wahamishe kwenye bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga penye joto, yenye nyuzijoto 32 hadi 35, ambayo utaipunguza nyuzijoto 3 hivi kila wiki.

Yapo matukio ambayo msaada unafaa, nayo ni machache: zimepita zaidi ya saa 24 tangu tundu litokee, utando umekuwa wa kahawia na mkavu, na kifaranga bado analia. Hapo lowesha utando kwa pamba yenye maji ya vuguvugu na uondoe kipande kidogo cha ganda kando ya tundu. Ukiona damu, acha mara moja na urudishe yai kwa saa kadhaa. Na ikiwa katika uangulishaji wako vifaranga wengi hutoboa upande wa ncha nyembamba, rudi uangalie jinsi unavyoyapanga mayai, kwa sababu yai linaloatamishwa ncha nyembamba ikiwa juu humfanya kifaranga aelekeze kichwa mbali na chemba ya hewa.

Swali: *Mimi sina mashine, nina kuku anayeatamia. Kuku wengine huingia kutaga kwenye kiota chake, vifaranga hutoka siku mbalimbali, kisha mama huondoka na watoto wa kwanza na kuacha mayai mengine yakifa. Nifanye nini?*

Jibu: Mama, kuku wako ni mashine nzuri kuliko zote zilizotajwa katika ukurasa huu, na tatizo lake moja ni majirani. Yakusanye mayai yake kila siku anapotaga na umwachie yai moja tu lililotiwa alama, ili asikihame kiota. Akianza kulala usiku kiotani na kujitutumua unapomkaribia, usimpe mayai halisi bado. Mwache siku mbili uhakikishe kwamba ameazimia kuatamia. Kisha mhamishe usiku kwenye kiota kipya kilichojitenga na wengine, chenye giza kidogo na nyasi kavu, na umwekee mayai yote kwa wakati mmoja, 10 hadi 13 kulingana na ukubwa wa mwili wake. Jaribio zuri ni kwamba akilala, yai lolote lisionekane nje ya manyoya. Yaandike yote kwa penseli. Ukikosa mahali pa kumtenga, alama hiyo ndiyo itakayokuokoa: kila jioni mwinue taratibu na uondoe lolote lisilo na alama.

Kabla hajaanza kuatamia mchunguze chawa na utitiri chini ya mabawa, kwa sababu kuku anayeumwa usiku kucha hukihama kiota hata siku ya 19. Muwekee maji na nafaka karibu, na mahali pa kuogea vumbi. Atatoka mara moja kwa siku kwa dakika 15 au 20, na kinyesi chake kitakuwa kikubwa chenye harufu kali, jambo la kawaida kwa kuku anayeatamia. Huna haja ya kugeuza yai hata moja.

Vifaranga wa kwanza wakitoka, usiwaondoe chini yake na usimsumbue, kwa kuwa sauti za waliomo bado ndani ya mayai humfanya aendelee kulala. Mayai yote yakiwa yameanza siku moja, kwa kawaida watatoka ndani ya siku moja au siku moja na nusu. Akiondoka na kuacha yai lenye tundu na sauti, litie chini ya jirani anayeatamia, au lifunge kwa kitambaa cha sufi karibu na chupa ya maji ya vuguvugu mpaka kifaranga atoke, kisha umrudishie mama yake usiku gizani, wakati ambao hatambui kwamba idadi ya watoto wake imeongezeka.